Kushoto ya Kuingia

Mke wangu ana usemi wake juu yangu: huyu mzee husikia nozo ya injini ikivuja ng'ambo ya barabara lakini hasikii anapoitwa mezani. Anasema kwa kunitania, na wageni hucheka, nami hucheka pia. Lakini kuna siku moja ambayo yeye na mimi tunaijua, na akisema maneno hayo huwa naikumbuka, na chai yangu hupoa.

Nilifungua gereji Kitengela miaka ya tisini, kando ya barabara kuu, wakati ambapo ukivuka barabara hiyo ulikuwa unaingia kwenye malisho na swala wanakutazama. Kabla ya hapo nilikuwa fundi raia katika karakana ya jeshi. Ujana wangu wote uliishia chini ya malori ya kijani. Kwa hiyo magari ya jeshi yalipochakaa na kuuzwa mnadani, na wafugaji wa Kajiado wakaanza kuyanunua kwa ajili ya kubeba maji na mifugo, yalinifuata hadi kwangu. Mafundi wengine waliyaogopa. Mimi niliyapenda kuliko gari lolote jipya.

Yalitengenezwa kwa ajili ya watu watakaoyarekebisha kwenye matope, bila taa, huku wamechoka. Kila kitu ni kikubwa na kiko mahali ambapo mkono unafika. Likikataa kuwaka, usikimbilie kufungua injini. Kwanza uliza kama dizeli inafika, na kama inafika, uliza kama imeingiwa na hewa njiani. Unalegeza skrubu ndogo juu ya chujio, unapampu kwa mkono, mapovu yanatoka, yanatoka, mpaka dizeli inatoka safi bila povu. Halafu unafunga. Mara saba kwa kumi lori linawaka hapo hapo na mwenyewe anakuona mganga.

Shida kubwa haikuwa magari. Shida ilikuwa watu kuyafanya kama magari ya kawaida. Malori yale hutumia betri mbili zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Mtu ananunua lori leo, kesho anataka kusikiliza redio, anachomoa waya kwenye betri moja. Baada ya miezi miwili betri moja imekufa kwa kufanyishwa kazi na nyingine imekufa kwa kushibishwa kupita kiasi, na mwenye lori anakuja kwangu akilaumu mnada. Mtu kama huyo nilimfokea mbele ya watu. Nilikuwa na hasira za karibu, na kwa kuwa nilikuwa sahihi mara nyingi, nilidhani hasira zenyewe ni sehemu ya ufundi.

Na kulikuwa na jambo la nati. Katika malori mengi niliyotengeneza, magurudumu ya upande wa kulia yalifungwa kwa nati za kawaida, lakini ya upande wa kushoto yalikuwa na nati za kinyume, ili gurudumu likizunguka kwenda mbele lisizilegeze. Yaani upande wa kushoto, ukizungusha kama mtu anayefungua, unafunga. Ukiongeza nguvu, unafunga zaidi. Kwenye ncha ya kila stadi, ule msumari mnene unaoshika nati, kiwandani walikuwa wamegonga herufi ndogo ya kuonyesha upande. Fundi huiangalia herufi kabla ya kugusa spana.

Sasa nimfikie mama wa siku ile.

Alikuwa mjane wa Kimaasai, wa umri wetu mimi na mke wangu, mke wa pili wa mtu aliyeuza mafahali akanunua lori mnadani. Mume alipofariki, mke mkubwa alisema hataki chuma kinachokunywa, anataka ng'ombe anayenyonyesha. Basi lori likabaki kwa mke mdogo. Akalifungia tangi la maji nyuma. Boma lao lilikuwa ng'ambo ya mji wa Kajiado, ndani, mbali na lami, na kisima cha kuchimbwa kilikuwa mbali zaidi. Lori lile ndilo lililokuwa mto wao.

Alipokuja gereji mara ya kwanza nilimsalimia kwa Kimaa changu kibovu. "Takwenya!"

"Iko!" akaitikia, halafu akacheka. "Fundi, hata salamu yako iko na kutu. Ashe, asante. Kuja uone hii gari."

Raia haruhusiwi kutembea na rangi ya jeshi, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kulipaka. Alichagua buluu, ile ile ya mlango wa kanisa lao, kwa sababu kopo la rangi lilikuwa limebaki. Nilipaka bodi, nikapaka rimu, na kwa kuwa nilikuwa na haraka sikufunika ncha za stadi. Rangi ikaingia kwenye zile herufi ndogo na kuzijaza. Niliona. Nikajisemea nitazikwangua siku nyingine. Mimi ni mtu ambaye bomba la maji nyuma ya kibanda cha chai cha mke wangu, hapo hapo gereji, lilivuja miaka mitatu bila kulikaza. Kinyozi hajinyoi.

Mwaka mmoja lori lilizimika nyumbani kwake na nikaenda. Ilikuwa hewa kwenye dizeli, kazi ya dakika chache. Lori lilikuwa limesimama katikati ya boma, uso wake ukielekea langoni, na nilipomaliza nilitokea chini yake nikiwa nimeelekea huko huko. Mama alikuwa ameniambia kwa sauti kutoka mlangoni kwake, "Fundi, ukimaliza kuja chai. Nyumba ya kushoto." Nikatazama lango, nikashika kushoto, nikainama nikaingia kwenye nyumba. Ndani alikuwa mke mkubwa, ambaye hakuwa ananingoja. Alinitazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia jikoni, kisha akanimiminia maziwa kwa heshima, nami nikayanywa kwa aibu.

Yule mama aliponipata huko alicheka mpaka akashika ukuta. Akanifafanulia. Katika boma lao mke wa kwanza hujenga kulia kwa lango na wa pili kushoto, na hiyo kulia na kushoto haibadiliki kwa vile wewe umesimama. Huhesabiwa kama mtu anayeingia na ng'ombe wake jioni. "Mimi ni wa kushoto tangu niolewe," akasema. "Lakini kushoto ya kuingia, Fundi. Si ya kutoka."

Niliisimulia hadithi hiyo gereji kwa miaka. Niliisimulia vizuri, kwa sauti ya kila mtu. Ndiyo maana nasema sina pa kujificha. Nilikuwa nimeambiwa.

Ule mwaka wa ukame ulikuwa baada ya simu za mkononi kufika. Hata Kitengela vumbi lilikuwa linaingia kwenye vikombe, na mizoga ilikuwa kando ya barabara, na wafugaji waliokuja mjini walikuwa wanasema kwa sauti ya chini. Yule mama alikuwa amebaki na ng'ombe kumi na wanne tu. Alikuwa ameniambia hivyo mwenyewe nilipombadilishia mkanda wa feni: kumi na wanne, na hawawezi tena kutembea hadi kisimani, kwa hiyo maji lazima yawafuate. Kila baada ya siku mbili, tangi moja. Dereva wake wa siku nyingi alikuwa ameondoka, akamchukua mtu mwingine, mtu mzima mpole aliyekuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya vitunguu ya Kimana. Lori la jeshi hakuwa amelishika maishani.

Alinipigia simu siku moja asubuhi nikiwa nimelala chali chini ya gari la mteja aliyekuwa amesimama juu yangu akiuliza itaisha saa ngapi. Mke wangu ndiye aliyeniwekea simu sikioni, mikono yangu ilikuwa grisi tupu.

"Fundi, niko na pancha," akasema yule mama. Upepo ulikuwa unapiga, alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao. "Gurudumu ya mbele. Tangi imejaa. Spea iko, jeki iko. Lakini nakumbuka ulisema upande moja inafunguliwa tofauti. Ni gani?"

"Kushoto," nikasema. "Kushoto ni kinyume. Kulia ni kawaida."

"Kushoto ya kuingia ama ya kutoka?"

Nililisikia swali. Sitadanganya kwamba upepo ulilichukua. Nililisikia, na likanikera, kwa sababu mteja alikuwa amesimama juu yangu na boliti ilikuwa inanidondoshea mafuta usoni, na kwangu mimi gari lina kushoto moja tu, ile ya dereva aliyeketi kwenye kiti.

"Kushoto ni kushoto, Mama! Gari si boma! Fungueni hiyo gurudumu mwende!"

"Haya, Fundi. Ashe," akasema, na mke wangu akaondoa simu.

Mchana simu iliita mara moja ikakatika, kama wafanyavyo watu wasio na salio. Ikaita tena mara moja. Nikamwambia mke wangu, huyo amefika, anashukuru. Sikumpigia.

Kesho yake asubuhi dereva wake alishuka kwenye gari la mkaa mbele ya gereji, mweupe kwa vumbi hadi kope. Hakusalimia. Alitia mkono mfukoni akatoa nati, akaiweka mezani karibu na kikombe changu. Ndani ya nati ilikuwa imebaki ncha ya stadi, imekatika safi kama muwa. Nikaigeuza, nikaona mistari ya uzi wake inazunguka kinyume. Nikajua yote kabla hajafungua mdomo.

Na bado nilimfokea. Nilisimama nikamwita majina ambayo siyarudii hapa. Nikamuuliza ni shule gani ilimfundisha kukata stadi za jeshi, zenye unene wa kidole gumba.

Alingoja nimalize. "Tano zimekatika," akasema. "Ilikuwa ngumu, tukaweka paipu kwa spana, wanaume watatu wakaruka juu. Ikalia ta! Tukafurahi, tukasema imefunguka. Kumbe. Mimi niliambia Mama wacha nijaribu kugeuza. Akakataa. Alisema fundi ameshasema."

Mke wangu alikuwa anaosha vikombe. Hakugeuka. "Jana alikuuliza kitu," akasema. "Na hukumjibu."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Yule mama alilitazama lori lake kama kila mtu anavyolifikia, kutoka mbele, pale penye uso, kama mtu anayefika langoni. Kushoto ya kuingia. Gurudumu lililotoboka lilikuwa kushoto kwangu mimi na kulia kwake yeye, kwa hiyo walilifungua kwa kawaida, kumbe wanakaza. Alikuwa na shaka, akapanda kilima, akatumia salio lake la mwisho kuuliza hasa lile swali lililohitajika kuulizwa. Hata mafundi niliowafundisha hawakuwahi kuniuliza swali zuri hivyo. Tunapenda kusema kuuliza si ujinga. Tumesahau kutafuta jina la yule anayeulizwa akafoka.

Kwenye chuma chakavu nyuma ya gereji nilikuwa na habu kuukuu, kile kitovu cha gurudumu, ya upande ule. Nikatoa stadi na nati zake, nikazifunga kwenye gunia, tukaomba lifti, tukaomba nyingine, na tulifika jua likiwa katikati.

Lori la buluu lilikuwa limeinama kwenye jeki mahali pasipo na kitu, katikati ya kisima na boma. Kwa kuwa maji hayakuweza kuwafikia ng'ombe, alikuwa amewaleta ng'ombe kwenye maji. Walikuwa wamewatembeza tangu jana alasiri, pole pole, wakiwashika mikia kuwainua. Kumi na mmoja walikuwa wamefika. Walikuwa wamesimama kando ya lori, vichwa chini, na maji yalikuwa yamemwagwa kwenye turubai lililotandazwa shimoni. Wengine watatu walikuwa wameanguka nyuma kwenye njia, wamekufa, na tulikuwa tumewapita tukija. Niliwaona nikiwa juu ya gari nikadhani ni wa watu wengine.

"Nani amewaambia mgeuze hivi?" ndilo neno langu la kwanza. Mpaka leo sijui kwa nini. Mdomo ulitangulia.

Yule mama alinitazama bila ukali wowote. "Ni wewe, Fundi."

Nilifanya kazi. Nilifungua zile nati tatu zilizobaki, kwa kuzizungusha kinyume, nikatoa habu, nikagonga vipande vilivyokatika vikatoka kwa nyuma, nikaingiza stadi nyingine, nikafunga gurudumu. Mikono yangu ilijua la kufanya. Nilipomaliza nilimwambia, "Pole, Mama." Akasema, "Asante." Na dereva aliponirudisha kwa lori hadi lami, nikaona njiani jinsi neno hilo lilivyo jepesi. Pole huambiwa mtu aliyejikwaa, au anayebeba mzigo, au aliyenyeshewa. Ni neno la mtu ambaye hakufanya. Nilikuwa nimempa pole kama mpita njia.

Dereva alinieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba mmoja wa wale watatu alikuwa wa ukoo wa ng'ombe ambao Mama alipewa siku aliyoolewa. Watoto wake wote walilelewa kwa maziwa ya ukoo ule. Aliposema hivyo nilitazama nje ya dirisha. Nilikuwa nalia, na sikutaka aone.

Majuma mawili sikuwa mtu wa kukaa naye. Mke wangu alinivumilia, halafu akachoka. "Hasira hasara, umeshaipata," akasema. "Sasa unangoja nini? Nenda useme ni wewe."

Niliwahi kuona, kwenye soko la mifugo Kajiado, wanaume wawili wakinyanyuliana fimbo. Ghafla mmoja aliinama, akang'oa nyasi, akazishika mkononi. Yule mwingine akashusha fimbo hapo hapo, na hasira zake ziko wazi usoni. Nikauliza, nikaambiwa: aliyeshika nyasi anaomba amani, na mwenye kuombwa hivyo hampigi. Nyasi ni ng'ombe, na ng'ombe ni uhai. Nilitaka kwenda kwa yule mama na nyasi mkononi. Lakini Kajiado nzima haikuwa na unyasi mmoja, na Kitengela pia hapakuwa na kitu ila vumbi na karatasi.

Isipokuwa nyuma ya kibanda cha mke wangu, chini ya lile bomba nililokataa kulikaza miaka mitatu. Pale palikuwa na kiraka cha kijani, kipana kama mkeka, nyasi ndefu na laini. Nilizikata kwa kisu, konzi moja kubwa, nikazifunga kwenye kitambaa chenye maji ili zisinyauke, nikapanda gari la Kajiado nikiwa nimezipakata. Watu walinitazama. Mzee mmoja wa Kimaasai alizitazama nyasi, kisha akanitazama mimi, akasogea kunipa nafasi zaidi.

Nilifika bomani jioni jua likiwa bado juu ya vilima. Nikasimama langoni. Nilitazama ndani, nikashika kushoto, kushoto ya kuingia, nikaenda hadi mlangoni kwake. Alitoka akifuta mikono.

Sikumsalimia. Nilifungua kitambaa, nikashika zile nyasi kwa mikono yote miwili kama nilivyoona, nikainamisha kichwa, mimi mwenye mvi. Nikasema, "Mama, uliniuliza swali zuri. Nilisikia. Nilikataa kujibu. Ng'ombe wako watatu niliwaua mimi."

Mke mkubwa alikuwa ametoka upande wa pili, naye akasimama pale pale. Kisha yule mama akanyoosha mikono akazipokea zile nyasi. Akazinusa, akafumba macho. Nilidhani ataziweka mahali, juu ya mlango pengine, au atasema maneno ambayo wao huyasema.

Akageuka, akatembea hadi zizini. Kulikuwa na ndama wa kike, mifupa na macho. Akapiga goti mbele yake akamlisha unyasi mmoja mmoja, bila haraka, mpaka mikono yake ikabaki mitupu na ndama akawa anailamba. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na kitambaa chenye maji.

"Fundi," akasema, bado amepiga goti, bila kunigeukia, "ungeleta gunia."